Vitabu vya Watoto wa Mlimani

Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari tarehe 20 Oktoba 1952, mwandishi Meja Mwangi wa Nanyuki alikuwa hajatimiza miaka 4. Nanyuki ulikuwa mji wa walowezi na wanajeshi. Mashamba makubwa yaliuzunguka, na Waafrika waliofanya kazi humo waliishi kwa hiari ya mwenye shamba. Ng'ambo ya mashamba ulianza msitu wa Mlima Kenya, maficho ya wapiganaji wa Mau Mau.

Mwangi alijulikana kwanza kwa riwaya za watu wazima. Kill Me Quick ya 1973 ilimpatia Tuzo ya Jomo Kenyatta. Mwaka 1990 akaurudia ulimwengu wa utoto wake katika Little White Man. Kariuki ni mwana wa mpishi wa Bwana Ruin, mlowezi anayewatetemesha wafanyakazi wake. Nigel, mjukuu wa mlowezi huyo, anakuja shambani, na wavulana hao wanaelewana mara moja, kwani wote wanapenda mto, msitu na kumwinda ngiri mmoja mzee aliyewashinda wengi. Watu wazima wa pande zote mbili hawautaki urafiki huo. Tena Hari, kaka yake Kariuki, ana mambo yake msituni.

Mwangi hamfichi msomaji mdogo kitu: kuna bunduki iliyopotea, kuna msako wa askari, kuna kifo. Ila yote yanapita mbele ya macho ya mtoto asiyeelewa kwa nini rafiki yake aitwe adui. Hapo ndipo kitabu hiki kinapovizidi vile vya darasani vinavyoieleza hali ya hatari kwa tarehe na majina ya magavana. Kilitafsiriwa kwa Kijerumani, na mwaka 1992 kikatunukiwa tuzo ya Ujerumani ya fasihi ya vijana. Mwaka 2005 kilitoka tena Amerika ya Kaskazini kwa jina The Mzungu Boy.

Karatina nako kulikuwa na mtu wake. Gakaara wa Wanjaũ, aliyezaliwa 1921, alikamatwa hali ya hatari ilipoanza, akakaa kizuizini miaka mingi huku akiandika shajara kwa siri. Ilipochapishwa ilipata Tuzo ya Noma ya 1984. Baada ya kuachiliwa aliendesha matbaa yake pale Karatina, akatoa visa, jarida na vitabu vya kuwafundisha watoto kusoma Kikuyu. Kwangu mimi, hayo ya mwisho yana uzito sawa na tuzo.

Kwa mtoto anayekimbia kurasa zilizojaa maandishi, kuna Wangari Maathai, mzaliwa wa Ihithe, Nyeri, mwaka 1940, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004. UNESCO imesimulia maisha yake kwa katuni zilizochorwa na Eric Muthoga, katika mfululizo kuhusu wanawake wa historia ya Afrika, na kitabu hicho kinapatikana bure kwenye intaneti.

Mzazi wa Othaya, mwalimu wa Chogoria, mkutubi wa Nyeri: mtoto wa miaka 9 au 10 mwanzishieni na katuni ya Wangari. Akifika 12, mpeni Kariuki na Nigel, na sura za mwisho msome pamoja naye, maana zinauma.