Kiboksi cha bluu kilichoiumbua kampuni kubwa

Wadau, ruta wengi tunaijua kama kile kiboksi cha WiFi unachozima na kuwasha mtandao ukigoma. Leo nawapa stori ya kimoja, WRT54G ya Linksys, bluu na nyeusi, antena mbili kama pembe za mbuzi.

Mwaka 2003 Cisco waliinunua Linksys kwa dola kama milioni 500. Mwaka huohuo kuna jamaa, wale wa kuchokonoachokonoa vitu, wakagundua kiboksi kinatumia Linux. Linux ni ya bure, hata kampuni ruksa kuichukua, kuibadilisha na kuiuza. Ila leseni yake, GPL, ina sharti: ukimuuzia mtu, mpe na msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya programu, pamoja na ulichobadilisha. Linksys wao wanauza tu, kimya! Umelipa hela yako, haki yako ya kujua kilichomo ndani wamekalia.

Jamaa wakapiga kelele, Free Software Foundation nao wakaingilia, msimbo ukatolewa mwaka huohuo.

Hapo ndipo paliponoga. Watu wakaanza kujitengenezea programu za ruta, na 2004 ikazaliwa OpenWrt, ipo mpaka leo. Kiboksi cha bei chee kikapiga kazi za mashine za bei mbaya. Baadaye kampuni ikaitoa Linux kwenye matoleo mapya, kisha 2005 ikaleta WRT54GL kwa wanaoitaka. Walichokuwa wanakificha ndicho kikawauzia!

Wakakoma? Wapi. 2008 Cisco wakashtakiwa kwa mambo yaleyale ya Linksys. 2009 wakapatana, wakakubali kuweka mtu maalumu wa kusimamia leseni hizo.