Harusi na Matanga ya Maduka Makubwa ya Nyali

Mji wa Mombasa umesimama juu ya kisiwa, na kila kiingiacho humo kutoka bara na kitokacho kwenda bara hupita juu ya daraja, tuta au kivuko. Upande wa kaskazini, ng'ambo ya mkono wa bahari upitao mbele ya Mji wa Kale, ipo Nyali, mtaa wa nyumba kubwa, bustani na hoteli za ufukweni. Huko maduka makubwa ya kisasa yamepata makao mema kuliko mahali pengi pa pwani yetu. Katika makala haya nakusudia kueleza habari zake, si kwa kuyasifu wala kwa kuyalaumu tu, bali kwa kuuliza swali moja ambalo mwanahistoria wa biashara hana budi kuliuliza: mnunuzi akipunguziwa bei, kile kilichopunguzwa hulipwa na nani?

Nyali haikuwa ya matajiri tangu awali. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na mwaka 1875 wamisionari wa Kianglikana wakaanzisha upande huo kijiji cha Frere Town, kiwe makao ya watu waliokombolewa. Wengine walitolewa katika majahazi yaliyokamatwa na manowari za Waingereza. Wengine walirudi kutoka Bara Hindi, walikokuwa wamelelewa na kufundishwa kazi za mikono. Kengele ya kijiji hicho ingalipo, na njia panda iliyo karibu nayo yaitwa Kengeleni hata leo. Baadaye sehemu kubwa ya ardhi ya Nyali ikawa shamba la katani. Mwaka 1931 daraja la kuelea likafungwa baina ya kisiwa na bara, na avukaye akatozwa ushuru. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia hoteli zikaota ufukweni, mashamba yakakatwa viwanja, na viwanja vikawa majumba. Daraja la sasa lilipofunguliwa mwaka 1980, Nyali ikawa karibu na mji kwa kila mwenye gari.

Jambo hilo la gari lafaa kuzingatiwa. Duka kubwa lataka vitu vitatu: ardhi pana ya kuegesha magari, barabara ya kupitisha malori ya shehena, na wanunuzi wawezao kununua mahitaji ya mwezi mzima kwa safari moja. Kisiwani njia za Mji wa Kale ni nyembamba, na mtu aendaye Marikiti hununua kiasi cha kikapu chake. Nyali ilikuwa na vyote vitatu. Walakini kando yake ipo Kongowea, soko kubwa la wazi, ambako mboga na matunda huuzwa kwa fungu na bei hupatikana kwa maneno. Basi tajiri wa Nyali na mchuuzi wa Kongowea ni majirani, na duka kubwa likaja kuwa jirani wa wote wawili.

Kabla ya kuendelea, yafaa tukumbushane neno moja la kale la biashara yetu, nalo ni malikauli. Malikauli ni bidhaa ichukuliwayo bila fedha, kwa ahadi kwamba itakapokwisha kuuzwa thamani yake italipwa. Kwa njia hiyo misafara ya karne ya 19 ilitoka pwani kwenda bara. Tajiri wa Unguja, Tharia Topan, alimkopesha Tippu Tip mali ya kufanyia biashara, akangoja pembe za ndovu zirudi. Duka la mtaani nalo liliendeshwa kwa desturi iyo hiyo. Mwenye duka la jumla alimwamini mwenye duka la rejareja, na huyu naye akamwamini mama wa jirani aliyemtuma mtoto kuleta nusu kibaba cha sukari. Deni likaandikwa daftarini hata mwisho wa mwezi. Mkopo uliteremka kutoka kwa mkubwa kwenda kwa mdogo. Mkopeshaji alikuwa na uwezo wa kungoja. Mkopaji alikuwa na uso na nyumba vijulikanavyo. Wahenga hawakuificha hatari ya jambo hili waliposema kwamba kukopa ni harusi, kulipa ni matanga. Lakini katika usemi wao harusi na matanga vilikuwa vya mtu mmoja.

Duka kubwa limeugeuza mkondo huo. Hapo mnunuzi hulipa papo hapo, wala hapana daftari la jirani. Akopaye ni duka lenyewe. Huchukua bidhaa kwa mfugaji wa kuku, kwa mwoka mikate na kwa mwenye kiwanda cha maziwa, likaahidi kulipa baada ya siku 30, 60 au 90. Mkate huuzwa siku ile ile, bali fedha yake hukaa mkononi mwa duka kwa wiki nyingi. Kwa fedha hiyo ya wengine duka laweza kufungua tawi jipya, na tawi jipya likachukua malikauli nyingine. Maadamu matawi yazidi kuongezeka, hesabu yaonekana njema. Mauzo yakipungua, ndipo ahadi zote zinapodaiwa kwa siku moja.

Historia ya Nakumatt yaonyesha jambo hili waziwazi. Kabla yake Serikali ya Kenya ilikuwa imeanzisha Uchumi, mwaka 1975, kwa nia ya kuwafikishia wananchi bidhaa za lazima kwa bei ya kadiri. Nayo ikaelemewa na madeni hata ikafunga milango kwa muda mwaka 2006. Nakumatt ilikuwa mali ya watu binafsi. Jina lake latokana na mji wa Nakuru na biashara ya magodoro iliyoanzia huko. Kutoka katika magodoro ilikua hata ikawa na matawi yapatayo 60 katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania, na mengine hayakufunga usiku wala mchana. Mwaka 2014 ilinunua maduka ya Shoprite ya Tanzania, kampuni ya Afrika Kusini ilipojitoa huko. Katika Nyali ndiyo iliyokuwa nguzo ya jengo la City Mall: maduka madogo ya humo yalipanga kwa kutegemea watu watakaoletwa na lile kubwa.

Mwaka 2017 rafu zilianza kubaki tupu. Wenye bidhaa, waliokuwa hawajalipwa, walikataa kuleta nyingine. Na duka lisilo na bidhaa haliwezi kupata fedha za kulipia deni la bidhaa. Januari 2018 mahakama iliiweka kampuni chini ya msimamizi. Januari 2020 wadai walipiga kura ivunjwe. Madeni yake yalihesabiwa kuwa takriban shilingi bilioni 30 za Kenya. Mnunuzi wa Nyali alihamia duka jingine kwa gari lile lile. Mfanyakazi alibaki na mishahara ambayo hakulipwa, mwenye jengo na kodi iliyolimbikizwa, na mwenye bidhaa na hati za madai ambazo haziliki wala hazipandwi. Huo ndio mgeuko mkubwa wa methali yetu. Harusi ilikuwa ya mmoja, matanga yakawa ya wengine.

Ukumbi wa City Mall haukukaa mtupu sana. Shoprite, ambayo ilikuwa imewauzia Nakumatt maduka ya Tanzania, iliingia Kenya mwishoni mwa 2018 na ikafungua duka Nyali, katika jengo lile lile. Mwaka 2020 ilitangaza kwamba itaondoka Kenya. Baadaye Carrefour, duka lenye asili ya Ufaransa liendeshwalo Kenya na kampuni ya Majid Al Futtaim ya Dubai, likapata nafasi Nyali, nalo likatangaza unafuu wa bei kuwa fahari yake.

Hapa ndipo swali letu linapopata jibu lililoandikwa. Februari 2020 Mamlaka ya Ushindani ya Kenya iliamua kwamba mwendeshaji wa Carrefour alikuwa ametumia vibaya nguvu za mnunuzi dhidi ya kampuni moja ya mtindi. Akakata rufaa, na mwaka 2021 baraza la rufaa likaithibitisha hukumu. Desemba 2023 Mamlaka ikamtoza faini ipatayo shilingi bilioni 1.1 kwa mashauri mengine mawili, moja la mwuza asali, na la pili la Pwani Oil, kampuni ya mafuta ya kupikia ya pwani hii hii. Katika mashauri hayo yalielezwa makato yatozwayo mwenye bidhaa baada ya kuuza, na ada za kukubaliwa kuweka bidhaa katika rafu. Mwaka 1931 ushuru ulitozwa darajani, na kila avukaye aliuona. Ushuru wa rafu hutozwa nyuma ya ghala, na mnunuzi huona bei iliyopunguzwa tu.

Haitakuwa haki kuyasahau mema. Duka kubwa limeandika bei, ikawa moja kwa tajiri na kwa mtumishi wake. Mizani yake haibadiliki kwa kuutazama uso wa mnunuzi, ilhali kibaba cha duka dogo kilijulikana mara nyingine kuwa na chini nene. Vijana wengi wamepata kazi humo. Mimi mwenyewe nimenunua humo, nikafurahia kubakiwa na shilingi chache mfukoni. Wala siamini kwamba zamani zilikuwa tamu: deni la misafara lilikusanywa kwa pembe, na pembe nyingi zilipatikana kwa mitutu ya bunduki na migongo ya watu. Kengele ya Frere Town yatukumbusha jambo hilo.

Basi sisemi duka dogo lirudi na kubwa liondoke. Nasema malikauli ni amana, na amana yataka mipaka. Deni la mdogo kwa mkubwa halina budi kuwa na siku ya kulipwa iwekwayo na sheria, si na mkopaji. Kadhalika wanafunzi wetu wanayo kazi. Historia ya biashara ya pwani imeandikwa sana kwa daftari za matajiri. Za wauza mayai, mikate na maziwa bado zimo masandukuni mwao. Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Daftari hizi zipo. Tukazisome kabla wenyewe hawajazitupa kwa kukata tamaa.