Vitabu vya Kumbukumbu: Ushuhuda wa Akina Mama wa Uganda

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wavuvi na wachuuzi wa Kasensero, bandari ndogo ya Ziwa Victoria katika wilaya ya Rakai ya wakati huo nchini Uganda, walipoanza kukonda na kufa kwa maradhi ambayo tabibu hakuyafahamu, wako walioyanasibisha na uchawi wa wafanyabiashara wa Tanzania waliodhulumiwa mali zao. Na ng'ambo ya mpaka, huko Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, watu waliyaita Juliana, kwa jina la kitambaa cha fahari kilicholetwa kwa magendo. Miaka ikapita, habari za wagonjwa zikisimuliwa na kila mtu isipokuwa wagonjwa wenyewe: jirani alisema lake, mhubiri lake, serikali lake, na mwenye kuugua akafichwa chumbani na jamaa zake kama mtu aliyefanya fedheha.

Mwaka 1987 Noerine Kaleeba, ambaye mumewe Christopher alifariki Januari ya mwaka huo, aliasisi pamoja na wenziwe wachache, wengi wao wakiwa na virusi vya UKIMWI miilini mwao, chama cha TASO, ambamo mgonjwa aliweza kukaa na mgonjwa mwenziwe wakazungumza bila ya kuoneana haya. Miaka miwili baadaye Philly Lutaaya, mwimbaji aliyekuwa akiishi Sweden, alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Wako walioshuku kwamba amelipwa aseme hivyo. Naye akazuru shule na makanisa akiwasimulia vijana hali yake, hadi maradhi yalipomzidi, akafariki tarehe 15 Desemba 1989, akiwa na umri wa miaka 38.

Ushujaa wa Lutaaya umepewa haki yake. Lakini naona kwamba lililo kubwa zaidi lilitendwa na wanawake ambao majina yao hayakusikika redioni: wanachama wa NACWOLA, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1992 na wanawake wenye virusi, Beatrice Were akiwa miongoni mwa waasisi wake. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu, fikra iliyotoka Uingereza, ambayo wao waliipa uhai wao.

Kitabu chenyewe hakikuwa na madaha: karatasi zilizofungwa pamoja, kila ukurasa na kichwa chake, na picha zikigandishwa pale zilipopatikana. Hapa mama aliandika mahali mwanawe alipozaliwa na neno la kwanza alilolitamka. Hapa nasaba ya baba, na ukoo na mwiko wake, kwani kwa Waganda kila ukoo una mnyama au mmea wake usioliwa, na watu wa ukoo mmoja hawaoani, basi yatima asiyeujua ukoo wake amepotelewa na zaidi ya wazazi. Hapa kijiji walikozikwa mababu. Ukurasa mzito kuliko zote ulikuwa ule wa afya ya mama. Wengi walikuwa hawajapata kuwaambia watoto wao kwamba wana virusi, na kalamu ndiyo iliyowafungulia mazungumzo, mtoto akiuliza na mama akijibu, mara nyingine kwa machozi, lakini akijibu.

Kwa hiyo nasema kwamba vitabu hivi vina daraja ya wosia, na kwamba mtunza makumbusho anayevitaka kwa ajili ya umma hana budi kumwendea kwanza yule aliyeandikiwa, aombe idhini, na akinyimwa aridhike, maana msomaji aliyekusudiwa alikuwa mmoja tu.

Dawa za kufubaza virusi zilipoanza kutolewa bure nchini Uganda mwaka 2004, kumbukumbu zilizokusanywa kwa kutazamia mauti zikawa mikononi mwa wanawake walio hai, wenye kurasa za kuongeza: harusi za wanao, wajukuu, na majina waliyopewa.