Kim's Video: Duka la Kanda Lililozaliwa kwa Dobi

Mwaka 1987, katika mtaa wa East Village jijini New York, watu waliopeleka mashati yao kwa dobi wa Avenue A walianza kurudi nyumbani na kanda za video. Dobi huyo, Yongman Kim, alikuwa mhamiaji kutoka Korea Kusini na mpenzi mkubwa wa sinema. Alitenga kona ndani ya duka lake, akapanga humo kanda za kukodisha. Muda si mrefu kanda zikaishinda biashara ya nguo, naye akafuata kule zilikompeleka.

East Village ya wakati ule ilijaa wanamuziki, wachoraji na wanafunzi wa filamu. Maduka makubwa kama Blockbuster yalikuwa na nakala tele za filamu mpya za Hollywood, lakini wateja wa Kim walitaka kisichopatikana huko. Basi akawatafutia filamu za Japani na Hong Kong, filamu za majaribio, filamu za kutisha zilizotengenezwa kwa fedha kidogo, na hata zile ambazo hakuna kampuni iliyowahi kuzitoa Marekani. Duka moja likawa kadhaa. Lililopendwa kuliko yote lilikuwa Mondo Kim's, namba 6 St. Mark's Place, lililofunguliwa katikati ya miaka ya 1990. Chini waliuza muziki, juu ndiko zilikokuwa kanda za kukodisha.

Huko juu, filamu zilipangwa kwa majina ya waongozaji na kwa nchi zilikotoka. Aliyefuata filamu moja ya Kurosawa, mwongozaji wa Japani, alizikuta nyingine zake zimesimama ubavuni mwake, na mara nyingi aliondoka na ambayo hakuijia. Naamini mpangilio huo ulifundisha watu wengi sinema kuliko hotuba yoyote. Wafanyakazi nao walisifika kwa ujuzi, na vilevile kwa ukali: uliyemuuliza swali la juujuu alikujibu kwa jicho. Wateja walilalamika, na kesho yake wakarudi. Mmoja wa waliofanya kazi nyuma ya kaunta ile, Alex Ross Perry, baadaye akawa mwongozaji wa filamu.

Misukosuko haikukosekana. Mwaka 2005 polisi walivamia duka la St. Mark's Place kwa tuhuma za kuuza nakala bandia. Hata hivyo kilichoiua biashara ni mabadiliko ya nyakati: DVD zikaanza kufika kwa posta, kisha filamu zikahamia kwenye intaneti, huku kodi za pango Manhattan zikipanda bila huruma.

Ilipofika mwaka 2008 Kim akatangaza kwamba atatoa bure hazina yake ya filamu zipatazo 55,000. Masharti yake yalikuwa mepesi kuyasema, mazito kuyatimiza: isigawanywe, na wanachama wa Kim's waendelee kuifikia. Aliyeshinda alitoka mbali. Ulikuwa mji mdogo wa Salemi, huko Sicily, uliokuwa bado unauguza majeraha ya tetemeko la ardhi la mwaka 1968. Meya wake, mhakiki wa sanaa Vittorio Sgarbi, alitaka kuuhuisha mji kwa kuuza nyumba zilizoachwa kwa euro moja. Ahadi zilikuwa nono: filamu zitahifadhiwa kidijitali, zitaonyeshwa usiku na mchana, na mwanachama wa Kim's atakayesafiri hadi huko atapewa malazi.

Mwaka 2009 shehena ikasafiri. Ilipofika ikawekwa ghalani, na miaka ikapita bila ahadi hizo kutimia. Mwaka 2012 halmashauri ya Salemi ikavunjwa kwa sababu ya kupenyezwa na mafia, na mradi ukabaki yatima. New York nako, duka la mwisho la Kim, lililokuwa First Avenue, likafunga milango mwaka 2014.

Asiyekubali yaishie hapo alikuwa David Redmon, mteja wa zamani. Yeye na mwongozaji mwenzake, Ashley Sabin, walikwenda Salemi na kamera, wakakuta kanda zimehifadhiwa vibaya, penye unyevu. Katika filamu yao ya *Kim's Video*, iliyoonyeshwa katika tamasha la filamu la Sundance mwaka 2023, tunawaona watu waliovaa sura bandia za waongozaji mashuhuri wakizibeba kanda kuzitoa ghalani. Baada ya mazungumzo marefu mji ukaridhia, na mwaka 2022 mkusanyiko ukarejea New York na kufunguliwa ndani ya jumba la sinema la Alamo Drafthouse, Lower Manhattan, ili watu waazime tena.

Kim hakudai malipo kwa miaka yake zaidi ya 20 ya kukusanya. Alidai kanda zitazamwe tu. Lilikuwa dai la haki, na ilikuwa makosa makubwa kulipuuza kwa zaidi ya miaka 10.