Ubwiriunga wa Mikorosho: Matokeo ya Utafiti wa Naliendele na Manufaa Yake kwa Wakulima wa Masasi na Newala

Ubwiriunga ni ugonjwa wa mikorosho unaosababishwa na kimelea cha jamii ya kuvu kiitwacho kitaalamu Oidium anacardii. Kimelea hicho hushambulia majani machanga, maua, mabibo na korosho changa, na kuzifunika kwa ungaunga mweupe. Maua yaliyoshambuliwa hukauka na kupukutika kabla ya kutunga korosho. Katika Wilaya za Masasi na Newala, ambako korosho ndiyo zao kuu la biashara, maua yakikauka mwezi Julai kaya nyingi hukosa kipato cha mwaka mzima.

Ukubwa wa tatizo hilo unaonekana katika historia ya zao lenyewe. Tanzania ilizalisha takriban tani 145,000 za korosho msimu wa 1973/74. Kufikia msimu wa 1986/87 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi chini ya tani 20,000. Sababu zilikuwa kadhaa: kuhamia katika vijiji vya ujamaa kuliwaweka wakulima mbali na mashamba yao, bei ilikuwa ndogo, na mikorosho mingi iliachwa bila palizi. Ubwiriunga, uliobainika nchini mwishoni mwa miaka ya 1970, ulikuta mashamba yakiwa tayari yamedhoofika.

Jukumu la kutafuta ufumbuzi liliangukia Kituo cha Utafiti wa Kilimo Naliendele mkoani Mtwara, ambacho sasa ni sehemu ya Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI). Miongoni mwa watafiti waliofanya kazi hapo ni Dkt. Shamte Shomari, mtaalamu wa magonjwa ya mimea, ambaye alichunguza swali lililowasumbua wakulima kwa muda mrefu: ugonjwa huo hujificha wapi baada ya mavuno, na hurudije maua yanapochanua?

Utafiti alioufanya pamoja na R. Kennedy kuhusu namna kimelea hicho kinavyodumu kusini mwa Tanzania ulichapishwa mwaka 1999. Kimelea huhitaji sehemu changa na hai za mti ili kiishi. Nje ya msimu wa maua, hifadhi yake ni maotea na machipukizi yanayoota ndani ya kivuli cha mkorosho. Msimu mpya unapoanza, upepo hupeperusha mbegu zake kutoka huko hadi kwenye majani na maua mapya, ya mti huohuo na ya shamba la jirani.

Maarifa hayo ndiyo msingi wa ushauri unaotolewa kwa wakulima. Maotea na matawi yaliyosongamana huondolewa baada ya mavuno, kabla ya mikorosho kuchipua upya. Salfa ya unga hupulizwa mapema, maua yanapoanza kujitokeza, na kurudiwa kwa vipindi. Kazi hiyo hufanyika alfajiri, wakati upepo umetulia. Salfa huzuia mbegu za kimelea kuota. Haiwezi kulirudishia uhai ua lililokwisha kukauka. Kwa sababu hiyo, pembejeo iliyochelewa kumfikia mkulima hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake.

Watafiti walichunguza pia athari za salfa yenyewe. Matokeo ya mwaka 1997 kutoka kusini mwa Tanzania yalionesha kuwa matumizi yake huweza kuongeza tindikali katika udongo, jambo lenye uzito mahali ambapo mihogo na mazao mengine ya chakula hulimwa chini ya mikorosho. Hivyo kiwango kinachoshauriwa hakipaswi kuzidishwa, na aina bora za mikorosho zilizotolewa na Naliendele zina nafasi yake, kwa kuwa baadhi yake huhimili ugonjwa vizuri zaidi.

Ubwiriunga si adui pekee. Mbu wa mikorosho, anayeitwa kitaalamu Helopeltis, hufyonza machipukizi na maua hadi yakawa meusi na kukauka. Kunguni wa minazi hushambulia korosho changa. Wadudu wote hao huwindwa na siafu wa mtini waitwao majimoto, hivyo kuwaua majimoto ovyo ni kujinyima ulinzi usio na gharama. Mwaka 2006, mtafiti M. E. S. Sijaona na wenzake walieleza ugonjwa wa blaiti ya majani na korosho. Mwaka 2012 mnyauko unaosababishwa na kimelea cha Fusarium ulibainika katika Kijiji cha Magawa, Wilaya ya Mkuranga, Mkoa wa Pwani. Mnyauko huo hukaa udongoni na huua mti mzima; salfa inayopulizwa juu ya majani haiufikii.

Msimu wa 2017/18 Tanzania ilizalisha zaidi ya tani 313,000 za korosho. Kiwango hicho kinaonesha kuwa zao lililoporomoka linaweza kuinuka pale utafiti, pembejeo, bei na juhudi za mkulima vinapokwenda pamoja. Mkulima anayeona mkorosho ukinyauka upande mmoja au kukauka ghafla anashauriwa kutoa taarifa mapema kwa afisa ugani wa kijiji au kata yake, na kuepuka kuhamisha udongo au miche kutoka eneo hilo kwenda shamba lingine.