Namba ya Babu: Kumtafuta Askari wa Keya Kutoka Eastlands

Kijana wa Kiafrika aliyejiunga na jeshi Nairobi mwaka 1942 alikuwa ameshazoea kuandikwa. Kwa zaidi ya miaka ishirini serikali ya kikoloni ilikuwa imewalazimisha wanaume wa Kiafrika kubeba kipande, cheti chenye alama za vidole, kabila, wilaya na rekodi ya kazi, kilichotiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Jeshi likampa namba nyingine. Tangu siku hiyo, katika orodha ya mshahara, hospitalini na melini, namba hiyo ndiyo iliyomtenga na wenzake wote wenye jina kama lake.

Wajukuu wa kijana huyo leo wako Kaloleni, Makongeni, Bahati, Jericho na Umoja. Mara nyingi urithi waliopewa ni kauli moja tu: babu alipigana Burma. Kauli hiyo inaweza kufuatiliwa. Hata hivyo, mjukuu anapaswa kuanza kwa kujua ni vita gani, maana mitaa hii ya Eastlands, mashariki mwa Nairobi, imebeba kumbukumbu za vita viwili.

Vita Kuu vya Kwanza vya Dunia viliacha jina la mtaa wa Kariokor. Hapo palikuwa na kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichoundwa mwaka 1914 chini ya Oscar Watkins, afisa wa serikali ya kikoloni. Waingereza walipokuwa wakimfukuza jenerali wa Kijerumani Paul von Lettow-Vorbeck katika ardhi ya Tanganyika, hapakuwa na barabara za kutosha, na mbung'o waliua wanyama wa mizigo. Mizigo ikapandishwa vichwani mwa watu. Mwaka 1917 John Ainsworth alisimamia msako mkubwa wa wapagazi, na machifu wakaamriwa kutoa vijana wao. Hesabu rasmi ya wapagazi waliokufa inapita 40,000, na wengi wao waliuawa na kuhara, malaria na njaa, si risasi.

Anayemtafuta mpagazi ana kazi ngumu kuliko anayemtafuta askari. Maafisa waliokufa walijengewa makaburi yenye majina. Wapagazi wengi walizikwa pasipo alama. Mshahara wa marehemu wengi ulibaki serikalini kwa hoja kwamba warithi hawajulikani. Watkins alidai fedha hizo zitumike kuwafaa Waafrika, lakini Hazina ya London ikakataa. Sanamu ya askari na mpagazi iliyosimamishwa mwaka 1928 katika barabara ambayo leo ni Kenyatta Avenue iliwaheshimu kwa pamoja, bila majina yao. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri hadharani kwamba kati ya watu 116,000 na 350,000 waliokufa katika utumishi wa himaya wakati wa vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Tangu hapo watafiti wamekuwa wakirejesha majina kutoka katika nyaraka za zamani zilizohifadhiwa hapa Kenya. Kwa hiyo familia iliyowahi kuambiwa kwamba hakuna kitu, iulize tena.

Vita Kuu vya Pili vya Dunia vina karatasi zaidi. Kenya pekee ilitoa Waafrika wapatao 98,000. Wengi walikuwa wa King's African Rifles, ambayo wazee waliiita Keya. Wengine walikuwa madereva, wapishi, wauguzi, mafundi wa simu, wapiga mizinga na wachimba barabara katika vikosi vyao. Neno "alipigana" linaweza kufunika kazi hizo zote, na kila kazi ina faili zake.

Sehemu ya kwanza ya kutafuta ni sanduku la nyumbani, kabla ya ofisi yoyote. Medali zinasema mengi. Nyota ya Afrika, yenye utepe wa rangi ya mchanga na mstari mwekundu katikati, ilitolewa kwa waliopigana Afrika Kaskazini, na pia kwa waliopigana na Wataliano Somalia, Eritrea na Uhabeshi kati ya Juni 1940 na Novemba 1941. Nyota ya Burma, yenye nyekundu katikati na buluu pembeni iliyopitiwa na mistari ya rangi ya chungwa, ilitolewa kwa waliokuwa upande wa Burma. Waingereza hawakuchonga majina kwenye medali za vita vya pili, kwa hiyo medali itakuonyesha babu alikuwa wapi lakini haitakuambia ni babu yupi. Medali za vita vya kwanza kwa kawaida zilichongwa namba, jina na kikosi ukingoni. Zigeuze uangalie.

Picha nazo zikaguliwe kwa makini. Kichwa cha kifaru begani ni alama ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1943, ikapelekwa Ceylon kwa mafunzo, kisha ikaingia Burma katikati ya mwaka 1944. Askari wake walishuka bonde la Kabaw wakati wa masika. Matope yalimeza magari na malaria ikaangusha watu wengi. Tarehe 2 Desemba 1944 waliuteka mji wa Kalewa, penye mto Chindwin, na njia ya kuelekea katikati ya Burma ikafunguka.

Baadhi ya askari hawakufika huko. Mapema Februari 1944 meli Khedive Ismail iliondoka Kilindini ikiwa na wapiga mizinga wa Kikosi cha 301 cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi na mabaharia. Tarehe 12, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido, ikazama kwa muda usiofika dakika tatu. Walikufa karibu watu 1,300. Familia yenye habari kwamba babu "alipotelea baharini" ianzie hapo. Kumbukumbu ya askari hao iko katika Makaburi ya Vita ya Nairobi, Ngong Road, kwenye mnara uitwao East Africa Memorial. Waliokufa Burma bila kaburi kujulikana wameandikwa Taukkyan, nje ya Yangon, katika mnara wenye majina karibu 27,000.

Orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita inapatikana bure mtandaoni, lakini ina mambo mawili ya kuzingatia. Kwanza, ni ya waliokufa tu; babu aliyerudi na kuzaa hatakuwamo. Pili, majina yaliandikwa kama karani alivyoyasikia, mara nyingi jina la mtu likifuatwa na la baba yake. Jina la ubatizo linaweza kukosekana, L ikawa R, na jina la ukoo linalotumika leo lisionekane popote. Tafuta kwa jina la baba yake, na ujaribu kila tahajia unayoweza kuiwaza.

Kwa aliyerudi, hati kuu ni cheti cha kuachiliwa jeshini. Ndicho chenye namba, kikosi, cheo na tarehe. Kikikosekana, nenda kwenye Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Moi Avenue, katika jengo lililokuwa la National Bank of India. Omba faili za mkuu wa wilaya ya nyumbani kwa babu, si za Nairobi. Askari aliishi Pumwani au Shauri Moyo, lakini serikali ilimhesabu kwa chifu na wilaya yake. Ni kwa mkuu wa wilaya ambako fedha alizotuma kwa mkewe zilipitia, na ndiko barua za malalamiko zilikofikia. Kwa hiyo kabla ya kwenda huko, uliza shangazi na wajomba lokesheni na jina la chifu wa miaka ya arubaini.

Ukishapata kikosi, kuna shajara zake za vita zilizohifadhiwa London, ambazo hueleza kikosi kilikuwa wapi siku kwa siku. Usidanganywe na jina la kikosi tu. Waruhiu Itote, aliyejulikana baadaye kama Jenerali China, alikuwa Mkikuyu wa Nyeri, lakini Burma alitumikia katika Kikosi cha 36, kilichohesabiwa kuwa cha Tanganyika.

Maisha ya Itote baada ya vita yanaonyesha kwa nini Eastlands ni sehemu ya historia hii. Alirudi akafanya kazi ya reli kama mpakia makaa kwenye injini, akaingia katika siasa za mji, na mwaka 1952 akaenda msituni kupigana na Waingereza. Bildad Kaggia, aliyekuwa karani wa jeshi na kupelekwa Mashariki ya Kati na Uingereza, akawa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi wa Nairobi. Walikuwa wameona mzungu akifa, akiogopa na akitekwa, kisha wakarudi kwenye kipande na malipo ya kuachiliwa yaliyopangwa kwa rangi ya ngozi. Wengine hawakuingia katika siasa. Walipanga chumba, wakafungua biashara, na jina la vita vyao likabaki kwenye soko la Burma, kando ya Jogoo Road, ambako watu hununua nyama hadi leo.

Kisha tarehe 24 Aprili 1954 Waingereza walizingira Nairobi katika Operesheni Anvil, wakapekua mitaa ya Waafrika na kuwatoa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru kuwapeleka vizuizini. Katika familia hizo, ukimya kuhusu jeshi unaeleweka. Mwanamume aliyejua bunduki alikuwa mshukiwa, na mkewe hakuwa na sababu ya kuwasimulia watoto kwamba baba yao alifunzwa kuitumia. Anayeuliza leo ajue kwamba huenda anavunja ukimya uliowahi kuwalinda watu, na aulize kwa upole.

Wazee hawa wanatudai kazi hii. Himaya ilikuwa na uwezo wa kuwaandika ilipotaka nguvu zao, na ikadai haiwezi kuwapata ilipofika siku ya kuwalipa. Watoto wa waliorudi sasa ni wazee wa miaka sabini na themanini, na ndio wa mwisho kujua jina la chifu, la baba na la meli. Jumapili hii mtembelee aliye mkubwa kuliko wote katika familia yenu. Mwombe afungue sanduku, piga picha kila karatasi mbele na nyuma, andika namba kama ilivyo pamoja na herufi zake, na umpe nakala kila mjukuu.