Kihenge cha Maji cha Ugogo

Msafiri atokaye pwani kwenda bara, akiisha kuipita milima ya Usagara, huingia Ugogo, nchi ya mibuyu na miiba, ambayo vijito vyake ni mchanga mtupu kwa muda mwingi wa mwaka. Mvua hunyesha tangu Desemba hata Aprili, nayo kwa kawaida haizidi sana milimita 600. Kisha hupita miezi saba au minane ya jua. Walakini katikati ya nchi hiyo umesimama mji wa Dodoma, makao makuu ya Tanzania, na katika hesabu ya watu ya mwaka 1967 wakaaji wa mji huo hawakutimia 25,000, bali katika hesabu ya mwaka 2022 wakaaji wa jiji lote walipita 760,000. Watu hawa wanywa maji gani? Karibu yao hakuna ziwa kubwa, wala mto usiokauka. Tumeona yafaa kuwasimulia wasomaji wetu habari ya maji hayo, kwa kuwa ndani yake mna fundisho kwa nchi nyingi zenye ukame.

Tangu kale Wagogo walijua ya kuwa mto uliokauka juu haukukauka chini. Walifukua mchanga wa vijito hata wakayakuta maji, wakayateka kwa vibuyu, wakanywesha na mifugo yao. Kisima kilikuwa na wenyewe, yaani wale waliokichimba na kukisafisha, na mgeni hakuteka ila kwa kuomba. Misafara ya pembe iliyopita kati ya Bagamoyo na Tabora katika karne ya 19 ililijua jambo hili vema. Ilipotoka Mpwapwa ilivuka nyika ya Marenga Mkali, maana yake maji makali, ikafika Ugogo imechoka na ina kiu. Na hapo watemi wakadai hongo. Burton mwaka 1857, na Stanley mwaka 1871, walinung'unika sana kwa ajili ya hongo hiyo. Sisi hatusemi ya kuwa kila mtemi alitoza kwa haki. Lakini tukumbuke ya kuwa msafara wa watu mia kadhaa waweza kukausha kisima kwa siku moja. Kisha wageni huenda zao, na wenyeji husalia na matope. Katika nchi kavu atekaye maji lazima amjue mwenye maji.

Ugogo ulijifunza jambo la pili kwa machozi. Wakati wa vita vya Wajerumani na Waingereza majeshi yalitwaa ng'ombe, nafaka na wapagazi. Baadaye mvua zikakosekana, na tangu 1917 hata 1920 ikawako njaa iitwayo Mtunya, ambayo wazee walisimulia habari zake kwa wajukuu wao. Ukame haukuwa mgeni Ugogo. Watu walikuwa wamezoea kuvumilia mwaka mbaya kwa akiba ya mwaka mwema. Lililowaua wengi ni kwamba safari ile mwaka mbaya ulizikuta ghala zimekwisha kukombwa. Twaomba msomaji alishike neno hili, maana tutalirudia.

Sasa tuje kwenye maji ya mji. Kaskazini ya Dodoma, mwendo wa kilometa zipatazo 30, liko bonde la Makutupora. Chini ya udongo wake upo mwamba wa matale ambao kwa kuoza na kupasuka katika muda wa zamani sana umekuwa na nafasi nyingi ndani yake, na nafasi hizo zimejaa maji. Juu ya mwamba mna udongo wa mfinyanzi mahali pengine, nao huzuia maji yasipenye. Bali miguuni pa vilima, vijito viteremkapo, mna mchanga mkavu wenye chembe nene, na hapo ndipo pa mlango wa ghala. Maji yakisha kuingia ndani hayapigwi na jua kama ya bwawa, ambayo hupungua kila siku hata asipoyateka mtu. Katika miaka ya 1950 visima virefu vya bonde hili vilikuwa vimekwisha anza kutumika kwa mji, na tangu wakati huo hata leo Dodoma imenywa zaidi maji ya Makutupora.

Wachimba visima walikuwa na sifa yao, lakini sisi twataka kuwasifu watu wengine ambao majina yao hayakuandikwa mahali popote pa heshima. Hao ni wale waliopewa kazi ya kupima. Tangu katikati ya miaka ya 1950 kipimo kiliteremshwa visimani, na kina cha maji kikaandikwa; wakapita wapimaji wa zama za Waingereza, wakaja wa baada ya uhuru, na kazi ikaendelea. Mtu aliyemwona mpimaji akiandika tarakimu mbili tatu katika daftari angaliweza kumcheka, maana kazi hiyo haikuongeza hata ndoo moja ya maji. Walakini mwaka 2013 wataalamu wa Tanzania na wa nchi za ng'ambo, wakiongozwa na Richard Taylor wa London, walitoa kwa chapa matokeo ya vipimo vya miaka 55, na ulimwengu wa elimu ukastaajabu, kwa sababu katika nchi kavu za joto ni vigumu sana kupata hesabu ndefu namna hiyo.

Hesabu ile ilionyesha nini? Wengi walidhani ya kuwa ghala hujazwa kidogo kidogo kila masika. Sivyo. Mvua ya kawaida hunyweshwa na udongo wa juu, ikarudishwa angani na jua na miti, na maji ya chini huendelea kushuka mwaka kwa mwaka. Kisha huja msimu mmoja wa mvua kubwa isiyo ya kawaida. Vijito hububujika siku nyingi, mchanga hunywa mpaka ukashiba, na maji ya visimani hupanda kwa ghafula. Misimu hiyo ni michache, na sehemu kubwa ya akiba yote hutoka kwayo. Msimu mkuu kuliko yote ulikuwa ule wa 1997 na 1998, wakati wa mvua za El Niño. Twazikumbuka mvua zile kwa madaraja yaliyovunjika, barabara zilizokatika na mashamba yaliyozama, na watu walizilaani. Kumbe maji yale yale yaliyoharibu juu ya nchi yalikuwa yakiweka akiba chini yake, na wenyeji wa Dodoma waliyanywa miaka mingi baadaye bila kujua yalitoka wapi.

Basi Makutupora si mto utiririkao daima, bali ni kihenge. Mwenye kihenge aweza kula katika miaka ya njaa pasipo hatia, maana kimewekwa kwa ajili hiyo. Lakini lazima ajue amebakiza kiasi gani, naye hajui mavuno mengine yatakuja lini. Hapo ndipo palipo hatari. Mwaka 1973 ilikatwa shauri kuhamishia makao makuu Dodoma. Mwaka 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali yote ihamie. Mwaka 2018 mji ukawa jiji. Kila nyumba mpya ni mdomo mpya. Kadiri watu wanavyoongezeka maji hushuka upesi zaidi katika miaka iliyo katikati ya mvua kubwa mbili, na mwamba hauongezeki. Bandu bandu humaliza gogo. Kumekuwa na mashauri ya kujenga bwawa huko Farkwa na kuvuta maji ya Ziwa Victoria. Mashauri hayo ni mema, lakini si ruhusa ya kukikomba kihenge kilichopo.

Wako wasemao, mvua kubwa zaja, tena hali ya hewa ikizidi joto huenda zikawa kubwa zaidi. Ya nini kujibana? Twawajibu kwa habari ya Mtunya. Mvua zilirudi hata wakati ule, lakini ziliwakuta wengi wamekwisha zikwa.

Yafaa nini basi? Kwanza, kupima kusikome, hata fedha zikiwa chache, kwa kuwa asiyepima hula gizani. Pili, ile milango ya mchanga isijengwe juu yake wala kutiwa uchafu. Tatu, sheria ya maji ya mwaka 2009, itakayo kila mtu achotaye maji mengi kuwa na kibali, isiwafunge wadogo tu na kuwaachia wakubwa. Nne, mabomba yavujayo yazibwe, maana tone lipoteealo mjini lilichukua miaka kuingia mwambani. Tano, wale wakaao bondeni, wenye mizabibu, mashamba na ng'ombe, wasiambiwe tu kupisha, bali waitwe katika shauri. Wao ndio majirani wa kisima, na bila wao hakuna ulinzi.

Neno hili la tano ndilo la zamani kuliko yote. Wagogo wa kale walimtaka mgeni aombe kabla ya kuteka. Leo mgeni ni jiji zima, na haitoki tena kesho yake kama misafara ilivyotoka, imekuja kukaa. Kwa hiyo heshima yake kwa kisima yapasa kuwa kubwa kupita ile ya msafiri. Akiba haiozi, wazee walisema. Bali yaweza kuliwa ikaisha, na katika nchi ya Ugogo hilo lilikwisha onekana mara moja.